Mstari Mtupu wa Nambari 214

Kulikuwa na miaka ambapo mtu wa Ruiru akitaka kujua kama mamake amepata nafuu kule Murang'a, hakutafuta simu. Alimtafuta Zubeida. Simu yenyewe ilikuwa ya Zacharia, mwenye duka la ujumbe, nyeusi na nzito kama pasi ya makaa, na ilikaa karibu sana na kiwiko cha Zubeida hata yeye mwenyewe akawa anasema wakizikwa, wazikwe pamoja, ila simu iwekwe juu ili isikike.

Watu walipiga kutoka Kisumu, Garissa na Nyeri, wakaacha maneno. Zubeida aliyaandika kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwenye maneno alipita jioni akitoka kuchuma kahawa, akataja nambari yake dirishani, akasomewa. Watu mia nne na kitu walikuwa na nambari.

"Nambari 61! Mjomba wako anasema ng'ombe amezaa. Ni dume. Pole sana."

Hiyo pole mjomba hakuwa ameisema. Zubeida aliongeza mwenyewe, bure, na hakuna aliyewahi kulalamika. Shule alikuwa ameachia darasa la nne, lakini kwa mwandiko wake ungedhani alifika mbali, na kwa mdomo wake ungedhani alifika mbali zaidi.

Halafu kulikuwa na zile simu zisizosema kitu. Siku hizo simu ya kibanda ilimeza sarafu pale tu upande wa pili ulipopokea. Kwa hivyo watu waliagana mapema: nikifika salama, nitapiga, iite mara mbili, nikate, nipige tena, iite mara nne, nikate. Hakuna aliyepokea, hakuna sarafu iliyomezwa, na habari imefika. Kila aliyetaka alikuwa na mlio wake, na Zubeida aliijua yote. Mlio ukiita, alichukua daftari, akaandika nambari ya mtu, tarehe na saa, na mbele yake akaacha mstari mtupu. Huo mstari mtupu ndio uliokuwa ujumbe. Mtu akija aliambiwa, "Umepigiwa, hakusema kitu," naye akaenda zake akitabasamu kama aliyeandikiwa barua ya kurasa nne.

Mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino ilipoanza kubeba madaraja, Zacharia akaleta kompyuta.

Zilikuwa mbili, moja ya ofisi yake ya Thika na moja ya Ruiru, za mitumba, zenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Pamoja nazo alileta msichana aliyeitwa Ngendo, mwenye cheti cha kompyuta kutoka chuo cha Thika na viatu vyeupe ambavyo matope ya Ruiru yalivikaribisha siku hiyo hiyo.

"Mama Zubeida," Zacharia alisema huku akipangusa miwani, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo, "tutaijaribu wiki mbili. Isipokosea, mwisho wa mwezi wewe utapumzika. Umefanya kazi sana."

"Na ikikosea?"

"Ikikosea namrudishia aliyeniuzia, na huyu msichana atafute kazi kwingine."

Zubeida alimtazama msichana, akatazama kiti chake ambacho miaka kumi na minne ilikuwa imekipa umbo lake. Salim, mumewe, alikuwa amekufa. Binti yake Fatu alikuwa ameolewa Isiolo. Nyumbani kwake Majengo, Thika, kulikuwa na kitanda, redio na paka asiye na shukrani. Watu wote aliokuwa nao walipita pale dirishani.

"Karibu, mwanangu," akamwambia Ngendo. "Keti. Si hapo."

Siku ya kwanza mvua iliikata simu ya Ruiru, nguzo ikaanguka kabisa, ikawa simu zote zinaelekezwa Thika. Adan, karani wa huko, ambaye Zubeida alikuwa amemfundisha milio yote, aliziandika kwenye kompyuta yake. Kila siku saa sita Ngendo alileta diski Ruiru, imefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki, na kuiingiza kwenye mashine ya dirishani. Madaftari yalifungiwa sandukuni. Zubeida aliruhusiwa kujibu kwa skrini tu.

"Cucu, hii kitu ni rahisi," Ngendo alimwambia, akichora kwa kalamu juu ya boksi la maziwa.

"Cucu ni nyanya yako. Mimi bado nina meno."

"Sawa, mama. Ona. Mimi nimejenga ghala. Kila ujumbe umewekwa chini ya ufunguo wake, na ufunguo ni ile nambari ya mtu. Kaleli, yule kijana wa Thika, ndiye anaandika skrini, haya maneno unaona hapa. Lakini Kaleli simruhusu aingie ghalani."

"Ataiba?"

"Ataharibu. Anasimama mlangoni. Anasema LETA 214, na mlango unamrudishia maneno ya 214. Hajui nimeyapanga aje ndani, na hana haja ya kujua. Hata nikipanga upya kesho, mradi mlango ni ule ule, skrini zake hazivunjiki."

Zubeida alichukua boksi akalitazama. Moyoni alikiri kwamba ni vile vile yeye alivyofanya miaka kumi na minne: watu dirishani, madaftari nyuma, na hakuna aliyewahi kuvuka kuja kujisomea. Mdomoni alisema, "Umeharibu boksi. Nilikuwa naliwekea nyanya."

Jumatatu na Jumanne Selpha alikuja dirishani. Selpha aliishi Gitothua na kuchambua kahawa kwa kibarua. Mdogo wake, Nafuna, alikuwa ameondoka Jumapili kwenda Kimilili kujifungulia kwa mama yao, tumbo la miezi minane, na mvua ile. Walikuwa wameagana mlio: mara mbili, kata, mara nne, kata.

"214, Mama Zubeida."

Zubeida alibonyeza. HAKUNA UJUMBE.

"Bado, Selpha. Njia ni mbaya. Labda wamelala Eldoret."

Selpha alipokwenda, Zubeida alibaki ameitazama skrini. Dirishani hapakuwa na mtu. Kwa utundu tu akaandika 999, nambari ambayo hakuna mtu aliyewahi kupewa. HAKUNA UJUMBE. Akaandika 61, ambaye yuko lakini wiki hiyo hakuwa ameandikiwa. HAKUNA UJUMBE. Akakaa kidogo. Kisha akachukua nambari 12, yake mwenyewe, akaiwekea ujumbe kama Adan anavyoweka mlio: nambari, tarehe, saa, maneno hakuna. Akauliza 12.

HAKUNA UJUMBE.

Wale watatu, asiyejulikana, asiyeandikiwa na aliyepigiwa bila maneno, mashine ilikuwa imewavisha shati moja.

Sasa, mtu mwema angemwita Ngendo papo hapo. Zubeida alifunga mdomo, akajipikia chai. Ijumaa Zacharia angekuja kukagua. Angemwachia asifu mashine kwanza, apanguse miwani, halafu kwa upole kabisa angemwomba aulize nambari 12. Ngendo angerudi kwao na viatu vyake. Kiti kingebaki. Kuhusu Selpha, alijiambia kwamba siku tatu si miaka, na labda kweli Nafuna hajafika. Alijiambia hivyo Jumanne usiku na Jumatano mchana, na Selpha alipokuja Jumatano macho yamevimba, alijiambia tena, ila mara hiyo haikukaa vizuri.

Alhamisi Selpha alikuja asubuhi, mvua ikimwagika, begi mkononi na mfuko wa plastiki kichwani.

"Naenda, Mama Zubeida."

"Wapi?"

"Kumtafuta. Redio imesema daraja la huko limebebwa. Wanavusha watu kwa kamba."

"Na watoto wako?"

"Nimeachia jirani. Nikikaa hapa nitashikwa na wazimu. Niulizie mara ya mwisho. 214."

Ngendo alikuwa amewahi kufika siku hiyo, anakausha soksi juu ya jiko. Zubeida hakugusa kibodi. Mkono ulimkataa.

"Ngendo. Hii mashine yako ni mwongo."

"Aii, mama, leo tena? Hata sijakunywa chai."

"Usipite mlangoni. Ingia mwenyewe ndani ya ghala, kwa macho yako, uniangalizie 214."

Kuna kitu katika sauti kilichomfanya Ngendo aje na soksi moja. Alibonyeza, skrini ikawa nyeusi, ikajaa mistari. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"214. Tarehe kumi na saba, saa nne na dakika kumi asubuhi. Halafu... hakuna kitu."

"Hakuna kitu, ama hakuna maneno?"

Ngendo alirudisha kidole pale pale. "Mstari uko," alisema polepole. "Ni maneno hayako."

"Selpha, tua begi. Umepigiwa Jumatatu. Hakusema kitu."

Selpha hakutua begi, alilikalia, pale pale kwenye matope ya mlangoni. "Ni mara mbili na mara nne? Una hakika?"

"Adan hawezi kuandika nambari yako bila mlio wako. Mimi ndiye nilimfunza, na nilimfunza kwa kumpiga rula."

Selpha alilia, akacheka, akajifuta kwa ule mfuko wa plastiki uliokuwa na maji kuliko uso. Kisha akahesabu kwa vidole. "Jumatatu? Na leo ni Alhamisi?" Akamgeukia Ngendo. "Wewe msichana! Umenikondesha siku nne na hiyo kitu yako? Unajua nimeuza sweta ya mtoto nipate nauli?"

"Pole, mama. Pole sana. Sikujua mtu anaweza kuandika ujumbe ambao hauna maneno."

"Usingejua! Hujawahi kutumia simu ya maskini!"

Zubeida alikuwa na la kusema hapo. Aliona linakuja hadi kwenye ulimi, akalirudisha.

Selpha alipokwenda, Ngendo alikaa sakafuni, soksi moja mguuni, nyingine inaungua jikoni bila yeye kujua. "Nimefanya LETA irudishe patupu kama haikupata kitu," alisema. "Kaleli akiona patupu anaandika hakuna. Si kosa lake. Ni mlango wangu ndio mbaya. Nitafanya hivi: simu kama hiyo nitaiwekea neno. Niandike TUPU. Kaleli akiona TUPU, atajua."

"Mzee Mburu wa Murera ana kijana wa shamba anayempigia kila wiki kuhusu tangi la maji," Zubeida alisema. "Unajua hutuma neno gani?"

Ngendo alimtazama. "Hapana."

"Unalijua. 'Tupu.' Tangi halina maji. Sasa Mburu utamwambia amepigiwa bila maneno, na ng'ombe wake wafe na kiu?"

"Nitatumia neno lingine. Hata alama. Nyota tatu."

"Watu wangu mia nne na kitu. Neno lolote utakaloficha, kuna mmoja atalituma. Toa soksi jikoni."

Ngendo aliruka akaitoa, akaizima kwa kikombe cha chai yake. "Basi nitaweka milango miwili," alisema, moshi usoni. "Wa kwanza, IPO. Kaleli anauliza: 214 ipo? Akiambiwa ndiyo, ndipo anaenda wa pili, LETA."

Zubeida alifikiri. Alikumbuka mwaka mmoja yeye na Adan walipofanya kazi dirisha moja. "Mtu ameniuliza kama ana ujumbe. Nimeangalia, nimemwambia upo. Nimegeuka kutoa miwani. Kumbe Adan kwa upande wake amemsomea mke wa mtu huyo ujumbe ule ule, akaufuta. Nimerudi na miwani, sioni kitu. Yule bwana aliniita mchawi mbele ya watu. Ukishauliza kama uko, kabla hujauleta, mkono mwingine umeshaingia."

"Siku moja mashine zitaunganishwa kwa waya," Ngendo alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Itatokea tu. Kwani wewe ulikuwa unafanya aje?"

"Nilikuwa naenda daftarini mara moja. Narudi na majibu mawili. Nimekuona ama sijakuona, hilo la kwanza. Na umeandikiwa nini, hilo la pili. La pili linaweza kuwa tupu na halinisumbui, kwa sababu la kwanza nimeshalijua."

Ngendo alitafuta boksi lingine la maziwa, akamwaga nyanya zake zote mezani, akaanza kuandika. Swali moja, majibu mawili. LETA ingerudisha ndiyo au hapana, na kando yake maneno. Zubeida aliziokota nyanya zilizokuwa zinabingirika, na kila baada ya muda akatoa kichwa juu ya bega la msichana. Waliandika, wakafuta, wakabishana. Asiyejulikana kabisa apewe jibu gani? Zubeida alitaka atenganishwe na asiyeandikiwa, kwa sababu huyo ametaja nambari vibaya na asaidiwe, asifukuzwe. Jibu la kwanza likawa na sura tatu: ndiyo, hapana, simjui. Kaleli alipopigiwa simu jioni hiyo kutoka posta, sauti yake ilisikika hadi nje ya kibanda: ameshaandika skrini kumi na nne, anaambiwa leo mlango umebadilika!

"Mwambie afadhali skrini kumi na nne," Zubeida alisema, "kuliko Selpha mmoja."

Na skrini mpya ilipohitaji maneno ya kumwambia mtu mwenye mstari mtupu, Ngendo hakuyabuni. Aliandika UMEPIGIWA, HAKUSEMA KITU.

Ijumaa Zacharia alifika saa tano na mwavuli mkubwa. Aliuliza nambari tano, mashine ikazijibu zote tano sawasawa. Alitaka kupangusa miwani, na ndipo Selpha akaingia, ana mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Akaupitisha dirishani, mbele ya Zubeida.

"Hizi ni zako, Mama Zubeida. Kama si wewe ningekuwa mtoni sasa. Wewe wa mashine huli hata moja, mpaka ufunze hiyo kitu adabu."

"Kuna kosa?" Zacharia aliuliza. "Ngendo, kuna kosa lilitokea?"

Ngendo alifungua mdomo. Rangi ilikuwa imemtoka. "Lilitokea, mzee. Ujumbe wa huyu mama ulikuwa ndani tangu Jumatatu, na mashine ilimwambia hakuna. Nimelirekebisha jana."

"Siku nne," Zacharia alisema. Alivaa miwani bila kuipangusa. "Nilisema nini kuhusu kukosea?"

Nafasi yake ilikuwa imekuja, hata vizuri kuliko alivyoipanga. Zubeida hakuhitaji kusema neno. Angekaa tu, amenye ndizi, na mwisho wa mwezi angekuwa hapo hapo, na mwisho wa mwezi mwingine. Alimwona Selpha akimtazama kwa yale macho ya mtu aliyeokolewa, na ndizi zikaanza kumnukia vibaya.

"Siku mbili ni zangu," alisema.

"Nini?"

"Jumatatu na Jumanne ni za mashine. Jumatano na Alhamisi ni zangu. Mimi nililijua hilo kosa Jumanne, Bwana Zacharia. Nililijaribu kwa nambari yangu mwenyewe, nikahakikisha, nikanyamaza. Nilikuwa nataka uje ulikute."

Mvua ilipiga bati.

"Kwa nini, Mama?" Zacharia aliuliza, na sauti ya matangazo ilikuwa imemtoka.

"Napenda kazi yangu."

Selpha alinyoosha mkono ndani ya dirisha, akachukua mkungu wake, akauzungusha na kuuweka mbele ya Ngendo. Akatoka bila kuaga.

Zacharia aliokota mwavuli wake, akasema mashine itabaki, msichana atabaki, na Mama Zubeida asingoje mwisho wa mwezi, mshahara wake wote ataletewa Majengo. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali, Zubeida angepata la kujibu.

Alikusanya vitu vyake: kikombe, miwani, leso, nyanya nne zilizobaki. Simu nyeusi ilikuwa bado haina sauti. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, kama mtu anayempangusa mtoto vumbi, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye duka la mbolea, matope hadi kifundo, aliposikia anaitwa. Ngendo alikuwa anamkimbilia bila mwavuli, viatu vile vilivyokuwa vyeupe mkononi, ndizi mbili kwapani.

"Cucu! Ngoja!"

"Nimekuambia nina meno."

"Hukulazimika kusema." Alikuwa anahema. Alimpa ndizi moja, na Zubeida akaitazama kabla ya kuichukua. "Haya, umesema. Lakini kuna kitu kimenisumbua tangu jana. Mtu mmoja akiwa na ujumbe mbili? Sahii wa pili ukiingia unafuta wa kwanza. Ufunguo ni mmoja. Kaleli anasema awe anapewa ule wa mwisho, ndio mpya."

Zubeida alikuwa amepanga kuwa na hasira hadi angalau afike Thika. Alimenya ndizi. Maji yalimtiririka kwenye leso hadi kwenye mkono wa kanzu.

"Kaleli ameoa?"

"Bado."

"Inaonekana. Ukimpa mtu ujumbe wa mwisho peke yake, utamsomea 'asante kwa mbuzi' na yeye bado hajajua mbuzi ameenda. Unaanza na wa zamani. Unamsomea. Unatulia kidogo, unamwangalia uso. Halafu ndio unamsomea unaofuata."

"Mashine haiwezi kumwangalia mtu uso, mama."

"Basi imuulize kama yuko tayari. Kwani hiyo ni ngumu?"

Ngendo alitafuta kalamu mfukoni, hakuwa na karatasi, akaanza kuandika kwenye mkono wake, na wino ukawa unachuruzika na mvua kabla hajamaliza neno. Zubeida akamvuta chini ya paa la duka la mbolea.

"Anza tena," alisema. "Na uandike polepole."